Kwenda masaa 15, kurudi masaa 6: hesabu ya safari ya ndege kutoka Dar hadi Guangzhou

Chukua tiketi ya mfano. Ndege inaondoka Dar es Salaam saa 5 asubuhi na kufika Guangzhou saa 8 usiku. Ya kurudi inaondoka Guangzhou saa 8 mchana na kutua Dar saa 2 usiku, siku hiyohiyo. Ukihesabu kwa vidole, kwenda ni masaa 15, kurudi ni masaa 6. Ndege ni ileile, viwanja ni vilevile. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga safari yake ya kwanza kwenda kufuata mzigo China ana kila haki ya kuuliza kuna nini hapo katikati.

Jibu ni kwamba kwenda ni kama masaa 10 na kurudi ni kama masaa 11. Tiketi haijaandikwa vibaya, ila imebeba mambo matatu tofauti yaliyobanwa kwenye mstari mmoja: umbali, muda ambao ndege iko safarini, na saa za ukutani za miji miwili. Mtu akiyachanganya hayo matatu anapanga vibaya. Anamwahidi dereva wa kumpokea saa isiyo sahihi, anakata tiketi ya kuunganisha isiyowezekana, au anafika uwanjani ndege imekwisha kuondoka. Hasara hizo zinauma, na nyingi zinaepukika kwa hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Tuanze na umbali, maana huo ndio pekee usiobadilika. Kila uwanja wa ndege una nukta yake rasmi ya latitudo na longitudo, na umbali hupimwa kutoka nukta hadi nukta, si kutoka Posta hadi katikati ya mji mwingine. Uwanja wa Julius Nyerere, pale Kipawa, uko karibu nyuzi 6.9 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.2 mashariki. Uwanja wa Baiyun wa Guangzhou uko nyuzi 23.4 kaskazini na 113.3 mashariki. Njia fupi kuliko zote kati ya nukta hizo mbili juu ya uso wa dunia ni kama kilomita 8,700.

Ukitafuta mtandaoni utakuta namba zinazopishana. Tovuti moja inasema 5,400, nyingine 4,700, nyingine 8,700. Zote zinaweza kuwa sahihi. Ya kwanza imeandikwa kwa maili za nchi kavu, ambapo maili moja ni kama kilomita 1.6. Ya pili ni maili za baharini, kipimo cha marubani na manahodha, ambapo maili moja ni mita 1,852. Maili ya baharini ina mantiki yake nzuri: inalingana na sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya duara la dunia, kwa hiyo rubani akijua nyuzi anajua na umbali. Baada ya hapo kunabaki tofauti ndogo za kilomita kumi au ishirini, zinazotokana na jinsi kila tovuti inavyolichukulia umbo la dunia. Wapo wanaoihesabu kama mpira kamili, na wapo wanaokumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Njia fupi kuliko zote maana yake nini? Chukua tufe la darasani, shika uzi, weka ncha moja Dar na nyingine Guangzhou, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi unaondoka pwani kuelekea kaskazini mashariki, unapita baharini mbali kidogo na Somalia, unavuka ikweta katikati ya maji, unaingia India kwenye jimbo la Kerala na kutokea karibu na Chennai. Kisha unakata Ghuba ya Bengal, unaingia Myanmar na kaskazini mwa Laos, unapita jirani na Hanoi na kuishia Guangzhou.

Ukichora mstari wa rula kwenye ramani bapa ya ukutani, ile ya mtindo wa Mercator iliyotengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, utapata njia ya aina nyingine. Watu wengi wamesikia kwamba ramani hiyo inapotosha, na ni kweli. Ndege ya New York kwenda Hong Kong hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, jambo ambalo kwenye ramani bapa linaonekana kama wazimu. Lakini sisi wa Dar tuna bahati hapa. Upotoshaji wa ramani hiyo ni mdogo karibu na ikweta na unakua kadiri unavyoelekea kwenye ncha. Dar iko nyuzi saba tu kusini ya ikweta, na Guangzhou iko karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa. Kwa safari hii, tofauti kati ya mstari wa rula na uzi wa tufe ni kama kilomita 20, yaani dakika moja na nusu angani.

Ndege haifuati uzi

Kilomita 8,700 ni za kwenye tufe. Ndege yenyewe hupita kwenye njia za anga zilizopangwa, kutoka nukta moja hadi nyingine, huku ikikabidhiwa na waongozaji wa nchi moja kwa waongozaji wa nchi inayofuata. Ikikuta mawingu mazito ya radi, na ukanda wa ikweta unayo mengi, inayazunguka. Ndege ya injini mbili pia ina sharti la kutokwenda mbali kupita kiasi na uwanja ambao inaweza kutua injini moja ikizima. Kwenye Bahari ya Hindi ndiyo maana viwanja vya Shelisheli na Maldivi vina umuhimu mkubwa hata kwa ndege ambazo hazina abiria wa huko.

Kisha kuna siasa na vita. Angalia safari ya Dar kwenda Amsterdam, ambayo uzi wake ni kama kilomita 7,350. Uzi huo unapita Kenya, Sudan Kusini, kisha moja kwa moja katikati ya Sudan, halafu mpakani mwa Misri na Libya hadi Mediterania. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga la nchi hiyo lilifungwa kwa safari za kawaida, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Abiria aliyekaa kitini anachoona ni kwamba safari imerefuka. Kwa Wazungu wa kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya anga la Urusi kufungwa kwao mwaka 2022: ndege ya Helsinki kwenda Tokyo, iliyokuwa ikitumia kama masaa 9, ikawa inatumia karibu 13. Miji haijasogea hata hatua moja.

Kwa hiyo ukiona umbali wa kwenye mtandao, uchukue kama kiwango cha chini. Ndege itaruka zaidi ya hapo kila mara.

Upepo

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, na ndipo wengi wanapopotea.

Ndege kubwa kama Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania huitumia kwenda Guangzhou, husafiri kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa ikishafika juu. Gawanya 8,700 kwa 900 upate masaa 9 na dakika 40. Ila kasi hiyo ya 900 ni kasi ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Ikitembea kuelekea unakokwenda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ndege inakata ardhi kwa 950 na safari inashuka hadi masaa 9 na dakika 9. Ikija kwa mbele kwa kasi hiyohiyo, ndege inakata ardhi kwa 850 na safari inapanda hadi masaa 10 na dakika 14. Tofauti ni zaidi ya saa nzima, na upepo wa 50 ni mdogo sana kwa huko juu.

Juu ya kaskazini ya India na kusini ya China, wakati wa majira yao ya baridi, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo kilekile ambacho ndege hupita. Kasi yake inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na ukifika Japani unaweza hata kuvuka 300. Ndege ya kutoka Dar huingia kwenye pindo la kusini la mkondo huo katika sehemu ya mwisho ya safari na kusukumwa kwa nyuma. Ndege ya kurudi huanza safari yake ikipigana nao. Ndiyo maana ratiba huipa safari ya kurudi muda zaidi.

Mwezi wa Julai mambo hubadilika. Mkondo ule husogea kaskazini, na juu ya kusini mwa India hutokea mkondo mwingine unaovuma kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi. Hili linanivutia kuliko yote katika mada hii, kwa sababu linagusa jambo ambalo watu wa pwani wamelijua kwa karne nyingi kwa upande wa chini. Majahazi yetu yaliondoka na kusi kuelekea kaskazini na India, na yakarudi na kaskazi. Katika miezi ya kusi upepo wa chini unakusukuma kwenda huko. Lakini kilomita kumi na kitu juu ya bahari hiyohiyo, katika miezi hiyohiyo, upepo unatoka huko kuja huku. Upepo uliompeleka nahodha India una mwenzake juu ambaye kwa rubani wa leo ni mbisho.

Kuna maelezo mengine unayoyasikia sana kwenye vijiwe: kwamba dunia inajizungusha kuelekea mashariki, hivyo ndege inayokwenda magharibi inaletewa mji wake na mzunguko wa dunia. Si kweli. Ardhi ya ikweta huzunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na hewa inazunguka pamoja nayo. Isingekuwa hivyo, hapa Dar tungepigwa na upepo wa kasi hiyo mchana na usiku, na hakuna mnazi ambao ungebaki umesimama. Kinachopunguza au kuongeza muda ni zile pepo zilizozidi au kupungukiwa mzunguko huo. Tena kama maelezo ya kijiweni yangekuwa sahihi, kurudi kutoka Guangzhou ndiko kungekuwa kufupi, na hali ni kinyume chake.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi

Hesabu ya masaa 9 na dakika 40 ni ya ndege inayozaliwa angani ikiwa kwenye kasi kamili na kuyeyuka juu ya uwanja. Ndege halisi inasukumwa nyuma kutoka getini, inatembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda taratibu. Chini ya kimo cha kama mita 3,000, sehemu nyingi za dunia huzizuia ndege kupita kilomita 460 hivi kwa saa. Mwisho wa safari mambo hayo yanajirudia kinyumenyume, na kwenye uwanja wenye msongamano kama Baiyun unaweza kutua na bado ukatembezwa ardhini dakika nyingi kabla ya mlango kufunguliwa.

Muda wa kwenye ratiba huanza ndege inapoachia geti na kuisha inaposimama kwenye geti jingine. Mashirika huongeza humo na dakika za akiba ili ucheleweshaji mdogo usiharibu siku nzima. Rubani anapotangaza kwamba muda wetu angani ni masaa 9 na nusu ilhali tiketi inasema 10 na robo, hajakosea. Anazungumzia kuruka hadi kutua, na tiketi inazungumzia geti hadi geti.

Kanuni ninayoipendekeza kwa mtu yeyote ni hii: gawanya kilomita kwa 900, kisha ongeza nusu saa. Dar kwenda Dubai ni karibu kilomita 4,000, jibu ni kama masaa 5. Dar kwenda Mumbai ni kama 4,700, jibu ni masaa 5 na dakika 45 hivi. Ratiba ikizidi jibu lako kwa saa moja, mtuhumu upepo, mzunguko wa njia au dakika za akiba. Ikizidi kwa masaa mawili au matatu, basi huenda ndege inatua mahali katikati, na hilo ni vizuri kulijua kabla ya kulipa.

Saa za ukutani

Sasa turudi kwenye ile mistari ya tiketi. Viwanja vyote duniani huandika saa za pale ndege ilipo. Kuondoka ni kwa saa za Dar, kufika ni kwa saa za Guangzhou. China nzima, pamoja na upana wake wote, hutumia saa moja, ambayo iko mbele yetu kwa masaa matano. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, geuza saa ya kufika iwe ya Dar. Saa 8 usiku ya Guangzhou ni saa 3 usiku ya Dar. Kutoka saa 5 asubuhi hadi saa 3 usiku ni masaa 10. Kwa kurudi, saa 8 mchana ya Guangzhou ni saa 3 asubuhi ya Dar, na kutoka hapo hadi saa 2 usiku ni masaa 11. Tofauti ya masaa matano iliongezwa upande mmoja na kutolewa upande mwingine, basi.

Hesabu hiyo inasaidia hata kwa mwili wako. Unapotua Guangzhou saa 8 usiku, mwili bado uko saa 3 usiku ya Dar, saa ambayo watu ndiyo kwanza wanamaliza kula. Usingizi hauji. Anayepanga kuwa sokoni Xiaobei au Sanyuanli saa 3 asubuhi ajue kwamba mwili wake utaiona hiyo kama saa 10 alfajiri. Kama kuna malipo makubwa ya kufanya au mkataba wa kusaini, heri uwe siku ya pili.

Kuunganisha

Abiria wengi wa Dar hawaendi moja kwa moja, wanapitia Addis Ababa, Dubai au Doha. Swali linaloulizwa sana ni ipi iliyo fupi. Nimepima zote tatu kwa njia ya uzi. Kupitia Dubai hadi Guangzhou ni kama kilomita 9,800. Kupitia Addis Ababa ni kama 9,800 pia. Kupitia Doha ni kama 10,000. Ukilinganisha na 8,700 za moja kwa moja, unaongeza kilomita 1,100 hadi 1,300, ambazo angani ni saa moja na robo hadi saa moja na nusu, pamoja na nusu saa nyingine ya kushuka na kupanda tena.

Kwa hiyo umbali si sababu ya kuchagua kati ya miji hiyo. Safari inaporefuka ni pale ardhini, kati ya ndege moja na nyingine. Tiketi mbili zenye bei inayokaribiana zinaweza kupishana kwa masaa 8 kwa sababu moja inakuacha uwanjani masaa 2 na nyingine inakulaza kwenye viti usiku kucha. Soma mstari wa muda wa kusubiri kabla hujasoma bei. Na kama umenunua tiketi mbili zisizo za oda moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukubebea begi. Hapo jipe masaa mengi, hata kama yanaonekana ya kupoteza.

Si jambo jipya kwa mji huu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, ndege za kutua majini za Waingereza zilizokwenda kati ya Southampton na Durban zilitua bandarini Dar, na abiria walisafiri kwa siku kadhaa, wakishuka usiku kulala.

Tarehe

Jambo la mwisho ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, na halina uhusiano na kilomita. Ndege nyingi za mbali huondoka Dar usiku mwingi, na tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Tuseme imeandikwa Jumanne tarehe 15, 00:45. Kwa saa zetu hiyo ni saa 7 kasorobo usiku. Mtu anasoma Jumanne, anasoma usiku, anafanya kazi zake Jumanne mchana, anaaga majirani, na jioni anaelekea uwanjani. Ndege yake iliondoka takribani siku nzima nyuma.

Kwenye mfumo wa saa 24 siku hubadilika saa 6 kamili za usiku. Kwa hiyo 00:45 ya Jumanne ni usiku wa kuamkia Jumanne, yaani ule unaoanza Jumatatu magharibi. Ukitakiwa kuwa uwanjani masaa matatu kabla, unatakiwa kuwa kwenye Jengo la Tatu Jumatatu saa 4 kasorobo usiku. Na kama unatoka Mbezi au Mbagala, ukijumlisha foleni za jioni, unatoka nyumbani Jumatatu jua likiwa linazama. Tiketi yoyote yenye saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, chukua kalamu na uandike pembeni yake jina la siku iliyotangulia.